Kila Mtu Aite Namba Yake

Kwetu hakuna anayelala mchana kwa raha. Ukijinyoosha juu ya mazulia makavu baada ya kula, ukavuta kofia usoni, haupiti muda utasikia kitu kama nzi kimetua juu ya mdomo. Sio nzi. Ni mgongo wa kiganja cha mdogo wangu, anapima kama unapumua. Akiridhika anaondoka kimya kimya, hasemi kitu, na wewe usingizi ndio umekwisha hivyo.

Mjomba ndiye aliyempa jina la Mkaguzi. Alisema amefanya kazi sehemu nyingi, amekaguliwa mifuko, amekaguliwa hadi soksi, lakini kukaguliwa pumzi ilikuwa mara ya kwanza. Jina likashika. Hata mama, ambaye mwanzoni alikuwa hataki kulisikia, siku hizi anaita tu, Mkaguzi njoo ule.

Ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Ni mrefu, miguu mingi kuliko mwili, ukimwona amesimama unadhani ameiazima. Anapenda ramani. Akipata karatasi anachora mtaa wetu na mifereji yake yote, na anataka kusomea kazi hiyo ya kupima ardhi. Habari hizi ni zake. Mimi nimo kwa sababu nilikuwepo.

Kazi ya nyumbani kwetu ni kufua mazulia. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa saruji wenye mteremko kidogo ili maji yakimbilie mferejini. Upande mmoja kuna vyuma vya kuanikia, upande mwingine banda tunaloweka yaliyokauka. Watu wanaleta mazulia ya sebuleni, maofisi yanaleta yale marefu ya korido, na mara moja moja ukumbi wa mikutano unaleta zulia ambalo kulishusha tu kwenye gari ni kazi ya kuita majirani. Kwanza linapigwa fimbo mpaka vumbi liishe. Halafu linatandazwa, linamwagiwa maji na sabuni, linakanyagwa. Wapo wanaotuuliza kama hatujasikia kuhusu mashine. Tumesikia. Tunayo. Ilitafuna pindo la zulia la mwanasheria mmoja, tangu siku hiyo imefunikwa turubai na paka anazalia juu yake.

Kukanyaga kuna utaratibu, na aliyeuweka ni baba. Zulia kubwa linakanyagwa na watu wanne, kila mmoja na kona yake, mnakwenda kwa mguu mmoja kuelekea katikati halafu mnarudi. Povu linafika kwenye vifundo, hamwoni mnapokanyaga. Kwa hiyo kila mtu anaita namba yake kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Halafu mnaanza tena. Namba ikikosekana, wote mnaganda hapo hapo na mguu juu, kwa sababu aliyenyamaza ama ameteleza ama yuko njiani kuteleza. Zamani, namba zikiitwa na yeyote, kuna jamaa alianguka ndani ya povu, mwenzake akamkanyaga mkono na kuvunja vidole. Huyo mwenzake alikuwa anamwitia namba, akidhani bado yuko wima. Baba akasema tangu leo hakuna kumwitia mwenzako. Hata kama unamwona yuko pale anacheka, aite mwenyewe.

Uwanjani tulilishika hilo vizuri. Ndani ya nyumba tukalisahau.

Ule ugonjwa ulipokuja, kwetu uliingia kwa watu wawili kwa mpigo: baba, na mdogo wake, yaani baba mdogo, aliyekuwa akikanyaga kona ya mbili. Hospitali zilikuwa zimejaa. Wakaambiwa warudi wakajitenge nyumbani. Wakapewa chumba cha wazazi, mlango ukafungwa, chakula kikawa kinaachwa chini mlangoni. Mama akahamia sebuleni. Upande wa pili wa ukuta kilikuwa chumba cha Mkaguzi, kabla hajaitwa hivyo, na kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta ule ule.

Kuongea kwenye simu kuliwafanya wakohoe mpaka inatisha. Mama akapanga kitu chepesi: wakiwa sawa wagonge ukuta kwa kijiko, mtoto asikie, aje atuambie wako sawa. Mtoto akaichukua kazi ile kama ajira. Alikuwa anabana sikio ukutani na kuzuia pumzi, kwa sababu pumzi yake mwenyewe ilikuwa inamzibia. Akishasikia ngo, ngo, ngo, anakuja mlangoni jikoni anasema, "Wamegonga. Wako sawa." Sisi tunakula.

Kuna siku alisema hivyo asubuhi, akasema hivyo mchana. Jioni baba alifungua mlango mwenyewe, ameshikilia ukuta, akasema mdogo wake haamki. Waliokuja kumchukua, wamevaa manailoni mwili mzima, walisema huyu ametangulia tangu alfajiri. Aliyekuwa anagonga muda wote ni baba. Alimtazama mwenzake kitandani akadhani amelala, akamgongea na yeye. Kijiko kilikuwa kimoja, na hakuna aliyekuwa amepanga ni cha nani.

Baba alipona, kama kupona ndiko huko. Kifua kilibaki nusu. Akipanda ngazi tatu anasimama kana kwamba amekumbuka kitu. Siku hizi anakaa kwenye kigoda karibu na geti, anapokea mazulia na kuyashonea vipande vya kitambaa vyenye namba yasichanganyike, na pumzi yake ina kifilimbi kidogo ambacho tumeshakizoea kama sauti ya friji. Kona ya mbili akaichukua mjomba, kaka yake mama. Habari ya kijiko haikutajwa tena. Kwetu jambo likipita linaitwa limepita, unapewa fimbo ukapige zulia.

Kabla ya hapo mtoto huyu alikuwa ni mbio tu. Ukimtuma duka la kona alikuwa anarudi kabla hujakumbuka kitu cha pili ulichotaka. Shule zilipofunguliwa wakamwingiza kwenye mashindano kama zamani, akakaa chini katikati ya uwanja, midomo imekuwa ya kijivu. Akapelekwa kliniki. Daktari akasikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mtoto ana mapafu ya kupigia tarumbeta, hana tatizo. Basi ikaonekana ni uvivu. Baadaye ikaonekana ni ukubwa, wasichana wakikua hawapendi kutoka jasho. Kila mtu alikuwa na jibu lake.

Mimi nilikuja kuona siku ya mvua. Ilishuka ghafla, mazulia yako kwenye vyuma, akakimbia kuvuka uwanja kuyaokoa. Nilikuwa mbele yake namwona uso. Mdomo umefungwa, pua haichezi, kama mtu anayepita chini ya maji. Alipofika bandani akashika nguzo, akageuza kichwa pembeni kutega sikio, ndipo akavuta hewa. Nikamuuliza kwa nini anakimbia bila kupumua. Akasema akihema hasikii. Hasikii nini? Akasema chochote. Nikamwambia basi, nikaendelea kukunja mazulia. Mimi ni mtu wa kusahau haraka.

Shuleni kwao, mkuu wa shule alikuwa ameanzisha michezo ya Jumatano. Watoto walirudi kutoka kwenye kufungiwa wakiwa sio wale. Wengine walipigana kwa sababu ya kifutio, wengine mlango ukijibamiza wanaingia chini ya dawati, wengine hawalali. Miaka ikapita na bado. Mkuu huyo akaamua Jumatano mchana hakuna kukaa, wote nje, wakimbie, waruke, wacheze mpira, lazima. Na wengi iliwasaidia, siwezi kusema uongo. Mtoto wa jirani yetu aliyekuwa analowesha godoro mpaka ndevu zinaanza kuota, sasa ni golikipa na analala pakavu.

Kwa Mkaguzi, Jumatano ikawa ndiyo ugonjwa. Mwanzoni tumbo lilimuuma kila Jumatano. Halafu akawa anatoka nyumbani na sare na hafiki shuleni, anashinda kwenye ngazi za posta anachora barabara. Mama akaitwa. Mkuu wa shule hakumfokea, alimwambia tu kwamba kuna watoto nje wanaililia nafasi, na huyu akikosa Jumatano nyingine nafasi yake itapewa mmoja wao.

Mama akarudi, akachukua fimbo, akapiga zulia la watu peke yake mpaka mjomba akasema vumbi limeshaisha, sasa unapiga rangi.

"Mmoja alishaniponyoka," mama akasema, akinitazama mimi. Ni kweli, shule niliiacha kidato cha pili, kukaa kulinishinda. "Wa pili haponyoki."

Mkaguzi alikuwa pembeni ya kigoda cha baba, anamshikia uzi. Akasema yeye haoni tatizo, ataacha tu shule aje ashone namba hapa na baba. Alisema kwa sauti ya mtu aliyepata likizo. Baba akakata uzi kwa meno na sindano ilimchukua muda kuitia tena.

Jumanne yake tukaletewa zulia la ukumbi. Jekundu, zito, limemwagiwa vinywaji vya kila aina. Tulilitandaza, tukalilowesha, tukamwaga sabuni, na mjomba akiruka mpira wa maji aende kwenye kona yake, goti likamgeuka. Akakaa chini na kutukana goti kwa majina. Tukabaki watatu. Mama kwenye moja, mimi tatu, na kwenye nne kibarua wetu tunayemwita Sekunde, kwa sababu ukimwita popote anajibu sekunde moja nakuja. Jua lilikuwa kali. Sabuni ikikaukia kwenye zulia jekundu inaacha mabaka ambayo hayatoki tena, na zulia lenyewe sio lako.

Baba akavua kandambili, akakunja suruali.

"Mzee, kaa," mama akasema.

"Nimekaa mpaka makalio yameota kutu," baba akasema, huyo anakuja.

Mkaguzi alikuwa ametoka shule, bado ana sare. Sikumwona akivua viatu. Nilichoona ni amempita baba, amesimama kwenye kona ya mbili, sketi ameifunga fundo kwenye magoti, soksi ziko chini kama panya wawili waliokufa. Hakuwa amekanyaga tangu mwaka ule wa ugonjwa. Baba akamtazama, akarudi nyuma, lakini hakukaa. Akasimama pembeni ya zulia.

Mama akaita moja. Halafu kimya. Tukaganda. Mama akaita tena, kimya tena. Mtoto alikuwa anakanyaga kwa mguu wenyewe na kwa wakati wake, ila mabega yako juu na mdomo umebanwa. Sekunde, mguu mmoja hewani, akasema tukiendelea hivi yeye anageuka korongo.

"Mbili?" baba akauliza.

"Nipo."

"Nipo sio namba. Ita."

Akaita. Ilitoka ndogo, kama anamnong'oneza mtu. Tukaenda. Moja, mbili, tatu, nne, mpaka katikati na kurudi. Ukweli ni kwamba huwezi kuita na kuzuia pumzi. Jaribu mwenyewe. Namba inatoka na hewa, na hewa nyingine inaingia bila kukuomba ruhusa. Baada ya mizunguko kadhaa sauti yake ikawa ya kusikika. Jasho likatoka. Zulia lililolowa linavuta miguu kama tope, na tulipofika kwenye lile doa kubwa la katikati wote wanne tulikuwa tunahema kama mivukuto.

Hapo mbili ikakosekana.

Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja chenye povu, macho kwa baba. Uso umekuwa wa kijivu, rangi ile ile ya uwanjani shuleni. Nilidhani anaanguka, nikataka kwenda kumshika. Mama akaniwahi kwa mkono, nisitoke kwenye kona yangu.

"Simsikii," Mkaguzi akasema.

Mama akamuuliza nani.

"Baba. Nikihema simsikii."

Baba akasema yuko hapa, na hana safari. Lakini mtoto ni kama alikuwa ameshafungua bomba. Alikuwa anatazama povu, sio sisi.

"Nilisema wako sawa," akasema. "Baba mdogo alikuwa ameshakufa, mimi nikaja jikoni nikasema wako sawa. Asubuhi na mchana. Mkala."

Povu lilikuwa linapasuka kidogo kidogo, ile sauti yake. Sekunde alishusha mguu polepole na kuangalia ukuta wa jirani, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mjomba kule chini akaacha kutukana goti.

Baba akiwa na maneno mengi inabidi kwanza akusanye hewa. Tukamsubiri.

"Kijiko nilikuwa nacho mimi, mama," akamwambia. Anamwita hivyo, mama, tangu alipozaliwa. "Kitanda chake hapa, changu hapa, nikinyoosha mkono namgusa. Sikunyoosha. Nikasema amelala, nikamgongea. Nilimwitia mtu namba yake." Akapumzika. "Wewe ulisikia ukuta umegongwa. Ulikuwa umegongwa kweli. Masikio yako hayakukosea."

"Nilisema wako sawa."

"Hayo maneno tulikupangia sisi."

Mama alikuwa amesimama kwenye moja, povu miguuni, anaitikia kwa kichwa, anaendelea kuitikia hata baada ya baba kunyamaza. Ndiye aliyepanga ile habari ya kijiko.

Baba akavuta kigoda chake kutoka getini, akakiweka kwenye ukingo wa zulia, miguu yake ikaingia ndani ya povu. Akakaa.

"Mimi namba yangu nitaita mwenyewe," akasema. "Ni tano. Na wewe ita yako, sabuni inakauka."

Mama akaita moja. Ikapita kidogo. Mbili. Mimi tatu, Sekunde nne, na kutoka kwenye kigoda ikaja tano, nyembamba, na kifilimbi chake. Sekunde akasema ameona mengi lakini hajawahi kuona namba tano anakanyaga kwa makalio. Mjomba akacheka mpaka goti likamuuma upya. Tukaenda hivyo mpaka zulia likaisha. Baba aliruka namba zake mara chache, akikohoa, na kila aliporuka tuliganda wote na mguu juu mpaka aite. Ilichelewesha kazi. Madoa mawili karibu na ukingo hayakutoka, nafikiri ni kwa ajili hiyo.

Kesho yake Jumatano. Asubuhi hakuna aliyemuuliza kitu. Alikunywa chai, akachukua begi. Mimi mchana nilikuwa na zulia la korido la kupeleka ofisi iliyo ng'ambo ya shule yao, nikaegesha mkokoteni kwenye uzio. Ningeweza kupita njia fupi, sikupita.

Wakatoka, kundi zima, wamevaa bukta za rangi za timu zao. Yeye alikuwa nyuma. Mwalimu wa michezo, kijana mnene mwenye filimbi shingoni, akawaanzisha kuzunguka uwanja. Mkaguzi akaanza taratibu, kandambili miguuni, mdomo wazi, na nikamsikia mpaka nilipo. Mbili. Hatua kadhaa. Mbili. Hatua kadhaa. Mbili.

Watoto ni watoto. Mvulana mmoja nyuma yake akasema huyu kaseti imekwama. Wakacheka. Mwingine, kumkejeli, akaita tatu. Mwingine akaita nne. Wa mbele akageuka akaita moja, sauti nene kama ya mnada. Wakawa wanamzomea hivyo kwa zamu, moja, mbili, tatu, nne, bila kujua walikuwa wanamfanyia nini. Mwalimu alikuwa ameinua filimbi awanyamazishe. Akaisikiliza ile zomeazomea kidogo, akaishusha.

Alifika kwenye kona ya mbali, akasimama. Kiganja kikaenda mdomoni. Wengine wakampita. Mimi nilikuwa nimeshika waya wa uzio na vidole vimeingia ndani. Mwalimu akatembea mpaka kwake bila kukimbia, akamwambia kitu, akasimama naye. Baada ya muda wakaondoka pamoja, wanatembea, yeye anaongeza mwendo kidogo, anatembea, anaongeza. Akamaliza mzunguko huo, nyuma ya wote. Wenzake walikwenda wa pili na wa tatu, yeye akakaa kwenye nyasi, magoti kifuani, mgongo unapanda na kushuka. Nilikuwa sijauona mgongo wake ukifanya hivyo miaka yote hiyo.

Jioni alisema mwalimu alimuuliza mbili ni nini, akamjibu, "Ni mimi." Mwalimu akasema sawa, wiki ijayo mbili aje na viatu vya michezo, zile kandambili hazifai. Nafasi yake ipo. Shuleni sasa wanamwita Kaseti, na amesema bora hilo kuliko letu.

Kitanda chake bado kimeegemea ukuta ule. Mama alijitolea kukihamisha, akakataa.

Jumamosi baada ya kula, baba alijilaza bandani juu ya mazulia ya mwalimu mmoja mstaafu, kofia usoni. Mkaguzi akapita, akarudi, akainama. Mkono haujafika, kofia ikasema, "Tano."

Mkono ukabaki hewani. Akautazama, kama sio wake, akaufutia kwenye sketi, akaenda zake kumalizia ramani.

Jumapili mzee alikuwa amelala kweli. Mkaguzi alisimama juu yake, akasubiri, namba haikuja. Akaweka mgongo wa kiganja pale pale pa siku zote, akaridhika, akaja kwangu. Mjomba alikuwa ameshajifunika uso na turubai la mashine, yeye na paka.

Jumatano Mkaguzi alitoka na viatu vya michezo mkononi, ameviazima kwa mama, vimezidi kidogo mbele.